Funda la Pili

Mbele ya kila sahani walikuwa wamepanga glasi nne. Moja ilikuwa ya maji na tatu za divai. Jioni ya kwanza melini nilizipindua zile tatu kifudifudi juu ya kitambaa cheupe, na kijana aliyekuwa akitugawia chakula akaja akazigeuza tena kwa adabu, akidhani nimekosea. Nikazipindua mara ya pili. Akamtazama Tabitha. Tabitha akamwambia neno kwa Kifaransa, naye akacheka kidogo, akaziondoa. "Umemwambiaje?" nikauliza. "Nimemwambia wewe ni mwalimu wa dini, na una kichwa kigumu tangu ujana." Sikuona cha kukanusha. Nina miaka sitini na mitatu, nimezika mume, nimefundisha watoto wa watu Maandiko kwa miaka thelathini na kitu, na Mungu amenipa mengi kuliko niliyomwomba. Lakini dhambi zangu nazijua, nimezitubia moja moja, na kile kichwa kigumu hakimo kwenye orodha.

Tabitha ndiye aliyenialika. Alikuwa muuguzi katika mji wa Lyon mpaka alipostaafu, na majira ya baridi yaliyopita alifiwa na mume wake, Mfaransa mpole ambaye mimi nilimwona kwenye picha tu. Akanipigia simu Musoma. "Njoo, Mkami. Tupande meli siku saba, tuteremke na mto. Nina neno nimelibeba mpaka limenichosha." Waumini wenzangu walinitania sana. "Mwalimu anaenda nchi ya divai!" Nikawajibu kwamba Danieli alikaa Babeli na hakurudi Mbabeli. Basi nikajikuta kwenye meli ndefu, ya chini, kama behewa la treni lililowekwa majini, inateremka mto Rhône polepole hivi kwamba mtu anayetembea ukingoni na mbwa wake angeweza kutupita. Pande zote mbili ni mizabibu, mistari imenyooka kupanda vilima mpaka juu, kama pamba ya Bunda katika miaka ambayo pamba ilikuwa na wenyewe. Ulikuwa wakati wa mavuno. Watu waliinama katikati ya mistari na ndoo zao, na upepo ulipogeuka ulituletea harufu fulani, tamu na chachu, ambayo nilijua nimewahi kuisikia, ila sikuweza kusema wapi. Siku mbili nzima ile harufu ilinifuata mezani na kitandani, na kila nilipokaribia kuikumbuka, ikanikimbia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka ninaotaka kuuelezea, na nilikaa Nyakato, pale Musoma, nyumbani kwa Mchungaji Elikana, kama binti wa kazi na kama mtoto, yote mawili. Ulikuwa mwaka wa kukosa. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa muda mrefu, maduka ya Musoma yalikuwa na rafu safi zisizo na kitu, na wenye maduka walikaa nje wakicheza bao. Tulioga kwa majani ya mpapai badala ya sabuni. Tulikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, uliokuwa na harufu ya gunia hata uupike namna gani, na kitoweo chake kilikuwa sangara, samaki mgeni ambaye wazee walikuwa bado hawajampenda. "Samaki gani huyu ana mafuta kama nguruwe," alisema Mama Mchungaji kila siku, na kila siku alimla, kwa kuwa furu tuliowazoea walikuwa wanapotea ziwani. Sukari ilikuja kwa kibali, pale ilipokuja. Nayasema haya bila kulalamika. Hatukufa, na mtu akipiga hodi wakati wa chakula hakuondoka na njaa.

Sasa katika kanisa letu hatukunywa pombe ya aina yoyote. Si kikombe cha arusi, si cha msiba. Mtu aliyebatizwa alikuwa amevunja mtungi, na hilo halikuwa fumbo: palikuwa na vigae vya mitungi nyuma ya kanisa, vya watu waliokuja na vyombo vyao wakavivunja mbele ya ushirika. Hata kwenye Meza ya Bwana, ushirika wetu mtakatifu, hatukuwa na divai. Tulitumia maji ya zabibu ya chupa, matamu, yaliyotoka Nairobi zamani, wakati mpaka wa Kenya ulipokuwa wazi. Mchungaji alikuwa akiyapunguza kwa maji mwaka baada ya mwaka, mpaka kikombe kikawa na rangi ya waridi tu. Pasaka ile chupa ya mwisho ikaisha. Baraza la wazee likakaa sebuleni kwa Mchungaji, nami jikoni nikawasikia wote, maana ukuta wa jikoni haukufika juu. Mmoja alisema tutumie chai ya rangi. Mwingine akasema Bwana hakuwahi kunywa chai. Ndipo Mama Mchungaji akanong'ona kwangu, "Rozela." Rozela ni yale maua mekundu yenye nyama, yakichemshwa maji yanakuwa mekundu kama damu. Akaingia sebuleni na sinia ya chai akawaambia, na wakakubali. "Nani atapika?" wakauliza. "Mkami," akasema. "Mikono yake ni safi."

Nataka niieleze kazi ile vizuri, kwa sababu mwaka wangu mzima ulisimama juu yake. Rozela ni kali ulimini, inataka utamu, na sukari haikuwapo. Baba yangu mdogo wa Butiama akanitumia asali, debe dogo, mbichi, bado ina vipande vya sega. Nilichemsha maua, nikachuja kwa kitambaa, nikaacha yapoe. Nikataka kuitia asali motoni, Mama Mchungaji akanishika mkono. "Asali haichemshwagi, mwanangu. Unaiua." Kwa hiyo niliichanganya ikiwa mbichi, nikamimina kwenye dumu jeupe la plastiki, nikalikaza kifuniko. Jumamosi kina mama wakaja, tukaliweka dumu katikati ya chumba, tukapiga magoti, tukaliombea. Na desturi yetu ilikuwa hivi: kitu kikishaombewa kwa ajili ya Meza, hakionjwi jikoni. Si mkate, si kikombe. Mpishi anaonja kabla ya maombi; baada ya maombi anayeanza kuonja ni mzee anayebeba kikombe, mbele ya watu wote. Niliionja kabla. Ilikuwa nzuri, tamu, na ukali kidogo nyuma ya ulimi. Sikuwa na shaka.

Lakini Mchungaji alikuwa Bunda kwa mkutano, na gari la kumrudisha halikupata dizeli. Jumapili ikapita. Jumapili ya pili ikapita. Majuma mawili dumu lile lilikaa stoo, limeegemea ukuta wa jikoni, upande wa pili wa mafiga, mahali penye joto ambapo kuku walipenda kulala. Sikulifungua. Niliona tu limevimba tumbo kidogo, nikadhani plastiki imelegea kwa joto. Mchungaji aliporudi, siku ya Meza, nilipofungua kifuniko kilinirukia mkononi kwa kishindo, na povu likapanda mpaka shingoni mwa dumu. Mama Mchungaji akaruka nyuma, kisha akacheka. "Asali ya Butiama ina nguvu!" Nami nikacheka. Nani kati yetu angejua? Yeye alizaliwa nyumba ya mwinjilisti, mimi nililelewa nyumba ambayo mtungi haukukanyaga. Mke wa mlevi yeyote pale mtaani angelitazama povu lile mara moja akajua. Sisi tulikuwa safi kiasi cha kutokujua uchafu unafananaje. Tukafuta povu, tukamimina kwenye jagi, tukafunika kwa kitambaa cha kudarizi.

Mzee Maregesi ndiye aliyebeba kikombe. Alikuwa baba yake Tabitha, mtu wa rasi ya ziwani, mrefu, fundi wa mitumbwi aliyehamia mjini na kuwa mnunuzi wa pamba kule Bunda. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu mbaya, na napenda msomaji alishike hilo. Alisimama mbele, akakiinua kikombe, akanywa funda moja. Akatulia. Kisha akanywa funda la pili. Ndipo uso wake ukakunjamana, akakishusha, akasema, "Ndugu zangu, hiki ni kilevi."

Nilikuwa nimesimama karibu na meza na sinia ya mkate, nami nikasikia mdomo wangu unasema, "Baba, umejuaje?"

Naapa mbele za Mungu, katika sekunde ile niliuliza kwa sababu nilitaka kujua. Nilitishika, nilitaka mtu anieleze. Lakini bibi mmoja wa benchi la mbele akaguna, mwingine akacheka ndani ya kanga, kicheko kikapita benchi hadi benchi kama moto wa nyasi, na nilipouona uso wa Mzee Maregesi nikajua nimeuliza swali ambalo halikuwa na jibu jema. Kanisa zima halikuwa na mtu mmoja aliyeruhusiwa kujua ladha ile.

Baraza lilinitaka nisimame Jumapili inayofuata na kutubu mambo mawili: kupika pombe kwa ajili ya Meza ya Bwana, na kumvunjia mzee heshima. Nikawaambia la pili nitaliomba radhi hata sasa hivi, kwa magoti. La kwanza sitalitubu, kwa kuwa sikulifanya. "Ni maneno machache tu, Mkami," Mchungaji alinibembeleza. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa amechoka. "Sema umekosa. Watu wasahau." Nikamwuliza, "Mchungaji, nikisimama mbele ya Mungu nikasema nimepika pombe na sikupika, hiyo itakuwa nini?" "Itakuwa uongo," nikajijibu. "Mnataka nitende dhambi moja kanisani ili mnisamehe nyingine ambayo sikuitenda. Sikuweka kitu mle. Maua, maji na asali." Mzee Maregesi alikuwa akitazama sakafu. "Pombe haijipikagi yenyewe," akasema. Hata mimi nilidhani hivyo. Sikujua ilitoka wapi. Nilijua tu kwamba haikutoka mikononi mwangu.

Wakanitenga. Na msomaji wa leo huenda asijue hasara yake, kwa hiyo niiseme. Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha walimu wa dini huko Bunda, na chuo kilingoja barua moja tu: ya mchungaji wangu, kwamba mimi ni mshirika wa Meza, sina doa. Aliyetengwa hapewi barua. Tangu nikiwa darasa la nne nilikuwa nimetaka kitu kimoja tu duniani, kusimama mbele ya watoto na kuwafundisha, na sasa kitu hicho kilikuwa umbali wa sentensi moja ya uongo.

Waliotengwa walikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Tulikuwa watatu: mimi, bwana aliyeoa mke wa pili, na dada mmoja aliyekuwa amebeba mimba bila mume. Meza ilipoandaliwa, sasa kwa chai ya rangi baada ya yote, desturi ilikuwa tutoke nje, tukae kivulini mpaka kikombe kimalizike, kisha turudi kwa wimbo wa mwisho. Mara ya kwanza wenzangu waliinuka. Mimi nilikaa. Mhudumu akaja akanigusa bega. "Dada, nje." "Sitakunywa," nikamwambia, "lakini sitatoka. Kutoka ni kukiri." Akanivuta mkono wa gauni. Nikashika benchi. Mchungaji akatuona, akatikisa kichwa kwamba niachwe, na nikakaa pale peke yangu nyuma ya kanisa zima, natazama migongo. Nilikaa Meza tatu namna hiyo. Siku hizi watu huniambia nilikuwa jasiri. Nilikuwa nalia. Mtu anaweza kulia na asiondoke.

Na jioni zile zile niliwapikia. Hilo ndilo nililolicheka baadaye, uzeeni. Walionitenga walikutana sebuleni kila Alhamisi, nami ndiye niliyesonga ugali wao wa yanga na kuwapelekea sangara wao na maji ya kunawa. Niliwasikia juu ya ukuta. "Binti huyu ana kichwa kama majabali ya ziwani." "Mawimbi yatamlainisha." Mama Mchungaji, akichekecha unga karibu nami, alisema kwa sauti ya kuvuka ukuta, "Majabali yako pale tangu babu zetu, hayajalainikaga!" Mmoja wa wazee, mcheshi, kila nilipoingia na chai aliuliza, "Mkami, hii haijachacha?" Mara ya kwanza niliweka sinia nikatoka. Mara ya pili nikamwambia, "Onjeni nyinyi, Baba, ndio mnaoijua ladha." Mzee Maregesi hakucheka. Hakucheka hata mara moja mwaka ule, na hakuwahi kunywa chai niliyoileta. Ilikuwa inapoa mbele yake, na mimi naondoa kikombe kimejaa.

Sasa niseme nililolificha. Nililiona lile funda la pili. Mtu asiyejua kilevi akikigusa hutema, au huuliza. Mtu anayekijua na kukichukia hukishusha hapo hapo. Yeye alitulia, akarudi. Niliona koo lake likikaribisha kitu linachokifahamu, na kitu cha karibu, si cha miaka ya ujana kabla ya kubatizwa. Nilijua pia kwamba alikuwa akienda Bunda kila mwezi, na Bunda ina vichochoro vya pombe. Ningeweza kusema. Alhamisi yoyote ningeweza kuweka sinia chini na kuuliza tena swali lile lile, safari hii kwa makusudi, na barua yangu ingekuwa imeandikwa kabla ya chai kupoa. Nilikuja karibu sana kulifanya, siku chuo kilipoandika kwamba nafasi yangu imepewa mwingine, na kwamba nikitaka nijaribu tena mwaka ujao. Nilisimama jikoni na ile barua, chozi linadondokea unga. Lakini nilijiuliza: nimekataa kununua barua kwa uongo, je, niinunue kwa uso wa mzee wa watu? Ukweli nao unaweza kuwa rushwa ukiutoa ili upate kitu. Nikapeleka chai.

Tabitha alikatazwa kuongea nami. Alikuja hata hivyo, kwa mlango wa nyuma, na kipande cha sabuni amekifunga kwenye pindo la kanga, kipande chembamba kama kucha. "Baba anasema wewe ni mkaidi." "Na wewe unasemaje?" Alinitia kile kipande kiganjani. "Nasema ufue gauni lako," akasema.

Basi ndivyo mwaka ulivyokwenda. Halafu mambo yakaanza kulegea. Mpaka ukafunguliwa. Kwanza ilikuja sabuni, kisha nguo za mitumba zikamwagwa sokoni watu wakazichagua kwa aibu, na rafu za maduka zikaanza kupata bidhaa na vumbi lake. Wacheza bao wakarudi nyuma ya kaunta zao. Na kabla ya Pasaka mshirika mmoja akarudi kutoka Nairobi na chupa mbili za maji ya zabibu, zile zile zenye karatasi ya zambarau. Mama Mchungaji alizishika kama mtoto mchanga. Kanisani watu walipoziona mezani walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Yule bwana wa wake wawili alikuwa ameacha kuja, na yule dada alikuwa amejifungua, akatubu, akarudi mbele na mtoto wake. Nilikuwa nimebaki peke yangu.

Mchungaji akamwita Mzee Maregesi aje kubeba kikombe. Mzee akainuka. Lakini badala ya kwenda mbele akageuka, akatembea katikati ya mabenchi, polepole, koti lake la Jumapili limefungwa vifungo vyote, akaja mpaka nyuma. Nilidhani anakuja kunitoa kwa mkono wake mwenyewe, nikashika benchi. Akasema, "Sogea kidogo, mwanangu." Akaketi kando yangu.

"Mzee Maregesi," Mchungaji akaita. Hakuinuka. Akaita tena. Ndipo akasema, ameketi vile vile, bila kupaza sauti, na kanisa lote likageuka: "Mchungaji, mwaka jana binti huyu aliniuliza swali. Sikumjibu. Aliuliza nimejuaje." Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, mikono ya fundi, vidole vimepinda. "Mimi hapa ndipo pangu. Yeye hapa si pake. Sina zaidi."

Nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile, mengine nimeyatoa mwenyewe, na sijasikia lililoyazidi maneno yale. Mchungaji Elikana akakichukua kikombe yeye mwenyewe, akaja nacho mpaka nyuma, kitu ambacho hakikuwahi kufanyika, na akampa Mzee, pengine kwa mazoea. Mzee akakisukuma kando kwa kiganja. "Binti kwanza. Mimi nitangoja zamu yangu." Nikanywa. Yalikuwa matamu kama dawa ya kikohozi, nami nililia tena. Barua iliandikwa juma lile. Mzee Maregesi alikaa benchi la nyuma miezi sita, na kila Meza hakutoka nje. Nami mpaka nilipopanda lori la pamba kwenda Bunda chuoni, nilikuwa nikinywa mbele kisha narudi kukaa naye. Tulikuwa hatuongei. Siku moja tu aliniuliza, "Ile asali, ilikuwa ya wapi?" "Butiama, Baba." "Ilikuwa nzuri," akasema, na ndipo nilipomwona akicheka.

Haya yote niliyakumbuka mezani pale melini, usiku haujaingia bado, milango ya kuzuia mto imefungwa nyuma yetu na mbele yetu, maji yanapunguzwa na meli inashuka taratibu kati ya kuta mbili za zege zenye unyevu. Tabitha alikuwa amechagua wakati ule kusema neno lake. "Nilijua, Mkami. Kuhusu Baba. Alikuwa akirudi Bunda ananuka, Mama anamfulia koti kabla watu hawajaamka. Nilijua mwaka mzima na nilikuletea sabuni." Alikuwa analia, bibi wa watu, mbele ya wageni na glasi zao. Nikamshika mkono. "Nami nilijua," nikamwambia. "Nililiona funda la pili." Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaonana nami. "Na hukusema?" "Na wewe hukusema. Akasema mwenyewe. Ungetaka tumnyang'anye hilo?"

Kesho yake meli ikatia nanga kwenye kijiji, tukapelekwa shambani kwa mkulima mmoja, mzee wa rika langu, vidole vimepakwa zambarau hadi kwenye kucha. Alituteremsha kwenye ghala la chini ya ardhi, giza na baridi, mapipa ya mbao yamelala safu mbili. Kila mgeni akapewa glasi. Mimi nilisogeza mkono kukataa, lakini mzee yule alikuwa amekwisha kumimina, nami nikaipokea kwa adabu ya kuishika tu. Harufu ikapanda puani. Nilisimama kama niliyepigwa. Ilikuwa stoo ya Nyakato. Ilikuwa ukuta wenye joto, na kuku, na povu linalopanda shingoni mwa dumu, na Mama Mchungaji akicheka. Siku mbili ilikuwa imenifuata mtoni, na sasa ilikuwa imekaa kwenye kiganja changu.

"Tabitha," nikasema, "mwulize huyu mzee. Ameweka nini humu kuigeuza?"

Tabitha akauliza. Mkulima akaonekana kupendezwa na swali. Akaeleza kirefu, akionyesha ngozi ya zabibu kati ya vidole viwili, na Tabitha akatafsiri. "Anasema haweki kitu, Mkami. Wengine wanaweka, yeye hapana, wala baba yake hakuwahi. Anasema unakamua, unafunga, unaacha mahali pa joto. Inajigeuza yenyewe."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Inajigeuza yenyewe.

Miaka arobaini na zaidi. Nilitamani wazee wote wa lile baraza wangefufuka dakika moja tu, wapangwe kwenye ghala lile kati ya mapipa, wamsikie. Mzee Maregesi alisema kweli juu ya kikombe, leo nakubali. Kilikuwa kilevi, na mikono yangu ndiyo iliyokifunga. Lakini sikuweka kitu mle. Nilisema hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa bila ushahidi wowote, na niliendelea kusema mpaka benchi likapata joto langu.

Mkulima alikuwa akinitazama, glasi yangu imejaa. Akauliza jambo, na Tabitha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika pipa.

"Anauliza nini?"

"Anasema ameambiwa bibi huyu hanywi. Lakini ameona ulivyoinusa. Anauliza: umejuaje?"

Nikairudisha glasi mkononi mwake, imejaa vile vile. "Mwambie niliwahi kuipika, mara moja, kwa ajili ya Bwana," nikasema. "Na mwambie sitatubu."